Hukumhesabu wa Pili

Januari, Anykščiai, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Mizinga yangu kumi na mmoja imefunikwa theluji
na mimi niko mezani, kati ya chupa ya asali na waya wa kulehemu,
natazama transista mbili, kila moja ndogo kama punje ya alizeti.

Nataka kujua kama nyuki wangu wako hai. Hilo tu.
Mwaka jana nilifunua mzinga mapema nichungulie,
baridi ikaingia pamoja na jicho langu.

Maikrofoni moja ndani ya mzinga, nyingine nje ya ubao.
Upepo unaingia zote mbili, na lori la mbao pia.
Nyuki wanaingia moja tu.
“Toa ile kwa hii,” alisema Skirmantė, binti wa jirani,
“kitakachobaki ndicho chako.”
Akanichorea nyuma ya kalenda ya duka la mbolea,
akawahi basi la Kaunas, chuoni kwake.

Emita mbili zimeungana miguu,
chini yao rezista moja, mkia mrefu,
unashuka hadi volti kumi na mbili za hasi.
Juu, kila kolekta na rezista yake: omu elfu kumi.

Nilipanga barua za watu miaka thelathini na miwili,
namba hazinitishi.
Mkia unapitisha miliampea moja. Sawa.
Emita ina ukinzani wake wa ndani, usiouzwa dukani:
ishirini na tano, gawanya kwa miliampea. Ishirini na tano.
Elfu kumi gawanya kwa hiyo:
mia nne.
Mara mia nne! Nyuki akikohoa nitamsikia.

Nikawasha. Besi ya kushoto nikaipa milivolti moja,
ya kulia nikaizika ardhini, ikae kimya.
Osiloskopu ya kuazima ikatafakari,
ikatoa milivolti mia.
Mia.
Nikabadili betri. Nikalehemu upya. Nikaitukana transista kwa jina la mama yake.
Mia.

Saa sita usiku nikampigia Skirmantė.
“Umempa mmoja mshahara wa wawili,” alisema.
“Miliampea inagawanyika. Nusu huku, nusu kule.”
Basi ukinzani si ishirini na tano, ni hamsini,
na mia nne inashuka kuwa mia mbili.
“Na nusu nyingine imekwenda wapi?”
Nikasikia anatafuna kitu kikavu.
“Ishara ikitoka emita ya kwanza, inapita mlango wa nani?”
Akakata simu.

Nikafuata mstari kwa kucha.
Mkiani? Hapana, kule ni omu elfu kumi na moja na ushei, mlima.
Inapita kwa jirani.
Hamsini zake juu ya hamsini za mwenzake,
elfu kumi kwa mia moja:
mia.
Yule wa kulia niliyemzika nikidhani hana kazi
alikuwa amebeba nusu ya mzigo, na mimi sikumwandika.

Teklė alipita akienda kunywa maji.
“Unagombana na nani?”
“Nimesahau kumhesabu wa pili.”
“Si mara ya kwanza,” alisema, akarudi kulala.

Kabla sijazima niliunga besi zote mbili pamoja,
nikazipa kitu kilekile kwa mpigo mmoja, kama upepo.
Kikatoka kimepungua, si hata nusu yake.
Lakini hakikufa. Hilo sijalielewa;
mkia nadhani una siri nyingine.

Asubuhi nikatoka na viatu vya manyoya.
Mzinga wa kwanza: mstari ulitetemeka, mnene, wa chini.
Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu.
Wa saba: mstari umelala.
Nikabadilishana nyaya, kushoto kulia. Umelala.

Nikaandika kwenye kalenda: saba, mara mia, hakuna kitu.
Kisha nikafuta yale maneno mawili ya mwisho,
nikaandika: rudia kesho, huenda kosa ni langu.